Pakua Beneath a Steel Sky Bure na kwa Halali

Wapenzi wa michezo ya zamani ya kompyuta hawana haja ya kuhangaika na nakala za wizi zinazoweza kubeba virusi, kwa kuwa baadhi ya kampuni zimeamua zenyewe kuitoa michezo yao bure. Ninaoupendekeza kwa moyo wote ni Beneath a Steel Sky wa mwaka 1994, ambao watengenezaji wake, Revolution Software ya Uingereza, waliruhusu mwaka 2003 upakuliwe bila malipo. Hakimiliki ingali yao, kwa hiyo soma leseni iliyomo kabla ya kumgawia mwenzako.

Upakue kwenye tovuti ya ScummVM, programu ya bure inayouwezesha kufanya kazi kwenye Windows, Linux na hata simu za Android. Chagua toleo la CD badala ya lile la disketi, kwani ndilo lenye sauti za waigizaji. Kisha lifungue faili lililobanwa, uyaweke yaliyomo kwenye folda ya peke yake, na uionyeshe ScummVM folda hiyo. Ukikwama mwanzoni kabisa mbele ya mlango uliofungwa, chomoa kipande cha chuma kilicholegea kwenye ngazi, ukitumie kuufungua kwa nguvu.