Pa kulala safari ya Tabora, Gombe na Mahale: anza na gari

Anayetoka Tabora na gari lake kwenda kwenye hifadhi za milima za Kigoma, Gombe na Mahale, ajue jambo moja kabla hajapiga simu yoyote ya kuulizia chumba: gari halifiki milimani. Gombe huingii kwa barabara, unaingia kwa maji. Mahale ndani yake ni miguu na boti tu, hata kama una Landcruiser yenye winchi. Kwa hiyo kuna usiku ambao wewe utalala mahali pamoja na gari litalala pengine, na ukikosea hapo, chumba kizuri hakitakusaidia.

Ndiyo maana mpangilio huu unaanza na gari, unaenda kwenye boti, kisha ndipo unafika kitandani.

Hatua ya 1: Hesabu usiku kwa boti, usihesabu kwa kilomita

Gombe ipo kilomita 16 hivi kaskazini ya mji wa Kigoma. Kwa macho ni karibu sana, na hapo ndipo wengi wanapopanga usiku mmoja na kurudi bila kumwona sokwe.

Boti za abiria hutoka Kibirizi, kando ya mji, kati ya saa sita na saa nane mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Zinatoka muda huo kwa sababu zinabeba watu wa vijiji vya kaskazini walioingia mjini alfajiri kwa shughuli zao na sasa wanarudi kwao. Zinafuata ratiba ya sokoni, si ya mtalii. Utashuka Kasekela, kituo cha hifadhi ya Gombe, alasiri, wakati kikosi cha kufuatilia sokwe kimeshamaliza kazi ya siku. Asubuhi boti ileile inapita kurudi mjini mapema, pengine saa moja, kabla hujamaliza chai.

Hesabu yenyewe basi ni hii:

- Kwa boti ya abiria: usiku 2 Gombe. Siku ya kuingia, siku ya kupanda mlima, asubuhi ya kuondoka.
- Kwa boti ya kukodi: usiku 1 unatosha, na ukiondoka Kigoma alfajiri unaweza hata kwenda na kurudi siku hiyohiyo.
- Usifike Kigoma Jumamosi jioni ukitegemea boti ya abiria. Jumapili haitoki, nawe utalipa chumba cha mjini bure.

Kabla ya kuikimbilia boti ya abiria kwa unafuu wake, jumlisha nauli na ule usiku wa pili pamoja na ada zake za hifadhi, kisha linganisha na bei ya kukodi boti mkigawana watu wanne au watano. Mara nyingi tofauti inapungua kuliko ulivyodhani.

Hatua ya 2: Tafuta pa kulaza gari Kigoma

Chagua nyumba ya wageni ya Kigoma mjini kwa swali hili kwanza: "Nikienda ziwani siku tano, gari langu linabaki hapa?" Ukijibiwa ndiyo, uliza mengine manne. Uwanja una ukuta na geti linalofungwa? Mlinzi wa usiku yupo kila siku au wikiendi tu? Maegesho yanalipiwa, na kwa usiku kiasi gani? Funguo zinakaa na nani? Jibu zuri la mwisho ni kwamba unaondoka nazo mwenyewe. Ukiambiwa uziache "tukihitaji kulisogeza", tafuta kwingine, au egesha kwenye kona ambako halitamzuia mtu.

Piga picha gari pande zote nne na dashibodi inayoonyesha kilomita, mbele ya mlinzi au mhudumu, kwa heshima. Mwandikiane karatasi fupi yenye namba ya gari na siku ya kurudi.

Kuhusu eneo, kuna machaguo matatu yenye maana:

Karibu na stesheni na bandari ni rahisi kupata chakula, benki na sheli, na Kibirizi ni mwendo mfupi wa bajaji. Hapa ndipo tunapopendekeza kwa usiku wa kabla ya boti.

Mwanga, juu kidogo, gesti ni nyingi na bei ni ya chini. Angalia kelele za baa usiku wa Ijumaa na Jumamosi.

Fukwe za kusini ya mji, upande wa Katonga, zina utulivu na maji safi, ila ni mbali na Kibirizi. Zihifadhi kwa usiku wa kurudi, mwili ukiwa umechoka na hakuna boti ya kuwahi.

Ujiji nako kuna gesti, na aliyekuja kuona mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 atapata raha ya kulala jirani. Kwa safari ya Gombe, hata hivyo, unajiongezea mwendo wa asubuhi bila sababu.

Hatua ya 3: Usiku wa njiani, Tabora hadi Kigoma

Njia ni Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, kisha Kigoma. Ukitoka Tabora saa kumi na mbili asubuhi unafika mchana bila kulala njiani. Ukichelewa kutoka, lala Kaliua au Uvinza, usiendeshe usiku. Ng'ombe hulala juu ya lami kwa sababu ina joto, na baiskeli za mkaa hazina taa.

Gesti za njiani zisikupe mawazo mengi. Kagua vitu vitano kabla ya kulipa: neti haina matundu (ishike dhidi ya mwanga wa taa), kitasa kinafunga kwa ndani, maji yanatoka au kuna ndoo iliyojaa, shuka zimebadilishwa, na gari linaingia ndani ya uzio.

Hatua ya 4: Gombe, lala Kasekela

Hifadhi ni ndogo, ilitangazwa mwaka 1968, na Kasekela ndipo Jane Goodall alipoanzia kazi yake mwaka 1960. Mpaka leo waongozaji wanaanzia hapo. Ukilala kwenye nyumba ya wageni ya hifadhi unatoka mlangoni moja kwa moja hadi njiani. Kuna kempu ya binafsi upande wa Mitumba, kaskazini, nzuri kwa mwenye bajeti kubwa.

Malipo ya hifadhi hayafanywi kwa pesa taslimu. Omba kontroo namba (namba ya kulipia) mapema, lipa ukiwa bado mjini ambako mtandao ni wa uhakika, na beba risiti. Raia wa Tanzania abebe kitambulisho cha NIDA, maana bila uthibitisho hawezi kudai bei ya raia. Kulala ndani kuna ada yake juu ya kiingilio. Ziulize zote mbili kwa pamoja ili isije ikakushtua.

Nyani wa ufukweni ndio tatizo kubwa la chumba cha Gombe. Wanajua mlango ni nini. Usiache chakula mezani, usile ukiwa umesimama nje, na usifungue dirisha lisilo na wavu hata kwa dakika moja. Ukikodi hema, chakula kikae ndani ya jengo.

Kitu kingine kinachoharibu mipango: mafua. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na huwaua, hivyo mtu anayekohoa hapandi mlimani. Kama kuna aliyeanza kupiga chafya Tabora, mpangie chumba Kigoma abaki. Ni uchungu, lakini ni afadhali ukajua mapema kuliko kumwacha mtu kwenye benchi Kasekela kwa siku mbili. Umri wa watoto nao una kikomo. Uulize kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Mahale, ambako kosa ni ghali

Mahale ipo zaidi ya kilomita 120 kusini ya Kigoma kwa njia ya ziwa. Ilitangazwa hifadhi mwaka 1985, ina kilomita za mraba 1,613, na kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462. Hapa pana njia mbili za kufika na kila moja inabadilisha pa kulala.

Kwa maji: boti ya kasi ya kukodi inachukua saa nne au tano, ya mbao ya abiria inaweza kumaliza siku nzima na kipande cha usiku. Kwa boti ya mbao, panga usiku mmoja kijijini Buhingu au Kalilani. Usimlazimishe nahodha kusafiri usiku ili kuokoa gharama ya chumba. Kiangazi upepo wa kusini huchafua ziwa mchana, kwa hiyo safari iwe alfajiri. Kila mtu avae jaketi okozi, na lijaribiwe nchi kavu, mkanda ukifungwa hadi mwisho.

Kwa gari: barabara ya Ilagala kwenda Kalya inavuka mto Malagarasi kwa kivuko cha Ilagala. Ni ya vumbi na milima, na wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili usiiweke kwenye mpango. Beba spea mbili, jaki na ubao wa kuwekea jaki kwenye udongo laini, na dizeli dumu moja la lita 20. Gari bado litabaki kijijini na wewe utamalizia kwa boti. Yaani lile swali la hatua ya 2 linarudi, na safari hii mlinzi umtafute kupitia ofisi ya kijiji.

Usajili hufanyika Bilenge, makao makuu ya hifadhi, halafu unaendelea kwa boti hadi mabanda ya hifadhi Kasiha. Mabanda ni safi na ya kutosha, yapo msituni karibu na njia za sokwe. Kempu za kifahari za ufukweni ni jambo jingine kabisa kwa bei, na nyingi hufunga kati ya Machi na Mei.

Mwezi una uzito kuliko aina ya kitanda. Agosti hadi Oktoba sokwe hushuka chini karibu na ziwa. Wakati wa mvua wapo juu, na kupanda kunachukua saa nyingi kwenye utelezi. Kiangazi usiku 2 Kasiha unaweza kutosha. Mvua ikiwepo weka 3. Muda wa kukaa na sokwe ni saa moja, kwa barakoa na umbali wa mita 10, hivyo siku ya akiba ndiyo bima pekee uliyonayo. Anayetaka Nkungwe aongeze siku 2 hadi 3 na hema, pamoja na askari.

Kasiha unajipikia au unampa mtu apike, na duka hakuna. Kwa watu wawili, usiku watatu: mchele kilo 2, unga kilo 2, dagaa wakavu nusu kilo, mafuta ya kula lita moja, vitunguu kilo moja, nyanya, ndimu, sukari na majani ya chai. Maharage yaache, yanakula kuni. Maji ya kunywa, lita 3 kwa mtu kwa siku, au beba dawa ya kusafishia. Pakia vyote kwenye ndoo za lita 20 zenye mfuniko: mawimbi hayaingii na panya hawaingii. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019.

Kabla ya kumlipa mwenye boti, kubalianeni wazi: nahodha na msaidizi wake watalala wapi siku zote hizo, wanakula kwa nani, na siku za kusubiri zinalipwaje. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mlipe nusu, nusu nyingine mkirudi Kigoma.

Mwenye hema aulize maji yamefika wapi. Ziwa limepanda miaka ya karibuni na kula sehemu ya fukwe, Kibirizi ikiwemo. Picha ya zamani ya kempu isikudanganye.

Hatua ya 6: Kurudi kwa Mpanda, ukipenda

Badala ya kurudi njia ileile, kutoka Uvinza unaweza kushuka Mpanda, kisha Sikonge hadi Tabora. Hifadhi ya Katavi inaanzia Sitalike, kusini ya Mpanda, chini ya saa moja kwa gari. Lala Sitalike kijijini kama kiangazi unataka kuona viboko bila gharama ya kulala ndani. Usiku kiboko anatoka mtoni kula majani, kwa hiyo hema lisikae kati ya mto na malisho, na choo kiwe upande wa mbali na maji. Nguo za bluu na nyeusi ziache begini, zinaita ndorobo. Wakati wa mvua lala Mpanda mjini; udongo mweusi wa ndani ya hifadhi hushika gari hadi kwenye ekseli.

Kutoka Mpanda hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 350. Jaza tenki Mpanda, kula Inyonga, na ukiona jua linazama kabla ya Sikonge, lala Sikonge.