Kulinganisha mashairi mawili katika mtihani wa GCSE: jinsi ya kuandika insha inayolinganisha kweli

Insha ya kulinganisha mashairi huwakwamisha hata wanafunzi walioyahifadhi mashairi yenyewe. Mtu anaandika kurasa mbili kuhusu shairi la kwanza, ukurasa mmoja kuhusu la pili, kisha aya ya kufunga yenye neno "both" mara nne, halafu anashangaa alama zimeishia katikati. Alichokosa si maarifa. Swali lilitaka mashairi mawili yawe mezani kwa wakati mmoja, naye ameyaleta kwa zamu.

Maelezo haya yanafuata karatasi ya pili ya Fasihi ya Kiingereza ya GCSE, mtihani wa sekondari wa Uingereza, kutoka bodi ya mitihani ya AQA. Bodi nyingine zinagawa alama kwa namna yake, ila kazi ya kulinganisha haibadiliki.

Karatasi ni ya saa 2 na dakika 15, alama 96. Sehemu ya kwanza ni tamthilia au riwaya ya karibuni, alama 34. Ya pili ni mashairi ya diwani mliyoisoma darasani, alama 30. Ya tatu ni mashairi ambayo hujawahi kuyaona: alama 24 kwa shairi la kwanza, kisha alama 8 za kulilinganisha na la pili. Dakika 135 kwa sehemu tatu ni dakika 45 kila moja, na usikope dakika za sehemu inayofuata, kwa sababu hutazilipa.

Katika sehemu ya diwani, shairi moja limechapishwa kwenye karatasi ya maswali. La pili unalichagua mwenyewe na kulitoa kichwani, maana huingii na kitabu. Alama 30 zimegawanywa hivi: 12 za kujibu swali kwa hoja na ushahidi (AO1, yaani lengo la kwanza la upimaji), 12 za kuchambua lugha, umbo na muundo (AO2), na 6 za muktadha (AO3). Soma tena hiyo ya mwisho. Muktadha ni sehemu moja ya tano tu ya alama, lakini wapo wanaojaza ukurasa mzima kwa maisha ya mshairi, alikozaliwa na alikofia, huku shairi likiwasubiri.

Swali linauliza nini hasa

Maswali haya huja kwa umbo moja: "Compare the ways poets present ideas about power in…" na kadhalika. Wengi hulikimbilia neno "power". Neno lenye uzito ni "ways". Ukieleza kwamba mashairi yote mawili yanazungumzia nguvu, umelirudisha swali kwa mwenyewe. Msahihishaji anataka kuona jinsi nguvu ilivyojengwa kwa maneno: nani anasema, anamwambia nani, anaficha nini, mshororo unakatwa wapi.

Kuchagua shairi la pili

Fungu la diwani lina mashairi 15. Hiyo ni jozi 105, na hakuna anayeweza kuandaa insha 105. Kinachowezekana ni hiki: kwa kila shairi, hifadhi nukuu nne za maneno mawili hadi matano, jambo moja kuhusu umbo, na jambo moja la muktadha linalobadilisha maana ya shairi. Halafu chagua mashairi matano au sita uyajue kwa undani kuliko mengine. Hayo ndiyo utakayoyaita kuwa shairi la pili. Lililochapishwa linaweza kuwa lolote, lakini la pili ni hiari yako, kwa hiyo usiache hiari hiyo iamuliwe na wasiwasi wa chumba cha mtihani.

Jozi ni nzuri pale mashairi yanaposimama kwenye kiwanja kimoja chembamba na kufanya mambo tofauti hapo. "Yote ni ya vita" ni kiwanja kipana mno, chochote kinaingia. "Yote yanaonyesha askari wanaosubiri kifo, mmoja mbioni na mwingine amejilaza" tayari ni insha. Jaribio ni rahisi: tunga sentensi moja yenye "lakini" katikati. Ikiwa nusu ya pili ni ya jumla, kwa mfano "lakini kwa njia tofauti", jozi hiyo haijaiva au wewe bado hujaifikiria.

Dakika saba za kupanga

Chora safu tatu, na uanze kujaza ile ya katikati. Watu huanza na kushoto, shairi la kwanza, kisha kulia, shairi la pili, na ya katikati inabaki tupu. Ukianza katikati unaandika viwanja vitatu vya pamoja, kisha kila upande unaweka nukuu moja au mbili kwa kila kiwanja. Kiwanja chenye nukuu upande mmoja tu kifute hapohapo.

Tuchukue mfano: "Ozymandias" ya Percy Bysshe Shelley na "My Last Duchess" ya Robert Browning, swali likiwa ni nguvu. La kwanza linahusu sanamu iliyovunjika ya mfalme jangwani; katika la pili mtawala anamwonyesha mjumbe picha ya mkewe aliyekufa. Katikati unaweza kuandika: amri, kazi za sanaa, yaani sanamu upande mmoja na picha ya kuchora upande wa pili, na nani ameshika usemi. Vinatosha. Vitatu vilivyochimbwa vinashinda sita vilivyoguswaguswa.

Muda uliobaki unakwenda hivi: dakika tatu za utangulizi, dakika kumi kwa kila aya kati ya tatu, dakika tatu za kufunga, mbili za kupitia.

Utangulizi ni sentensi mbili au tatu. Taja mashairi na washairi, kisha toa msimamo wenye tofauti ndani yake: Shelley anaionyesha nguvu ikiwa imekwisha na kubaki kichekesho, ilhali Browning anaionyesha ikiwa bado inafanya kazi, tena kwa adabu. Usianze na maana ya neno "nguvu" katika kamusi.

Aya moja kwa karibu

Hii hapa aya ya amri, imeandikwa kwa Kiswahili ili mifupa yake ionekane; kwenye mtihani itakuwa Kiingereza.

*Washairi wote wawili wanaionyesha nguvu kupitia amri, lakini ya kwanza haina tena wa kuitii na ya pili ilitiiwa hadi mtu akanyamazishwa. Kwa Shelley, amri imebaki kuwa sura tu, "sneer of cold command", iliyochongwa juu ya jiwe. Neno "cold" linamgusa mfalme aliyekuwa katili na pia jiwe lililopoa, hivyo tabia yake na sanamu yake vinakuwa kitu kimoja. Mtawala wa Browning, kinyume chake, anaitamka amri kwa kinywa chake: "I gave commands". Hasemi alimwamuru nani wala alimwamuru nini, na matokeo yanakuja bila mtendaji: "all smiles stopped together", kana kwamba tabasamu zilikoma zenyewe. Amri ya Ozymandias iko wazi machoni pa kila mpita njia na haina nguvu. Ya mtawala huyu imefichwa ndani ya maneno machache, na humo ndimo ilimo nguvu yake. Ndiyo maana msomaji wa Shelley anaweza kumcheka mfalme, wakati yule wa Browning anajikuta kwenye nafasi ya mjumbe asiyepewa nafasi ya kujibu.*

Tazama ilivyokaa. Sentensi ya kwanza ina mashairi yote mawili na "lakini" yake. Nukuu ni tatu, na hakuna inayozidi maneno manne. Baada ya kila nukuu kuna neno moja lililoshikwa na kufinywa, "cold" upande mmoja, kukosekana kwa mtendaji upande wa pili. Kisha aya inarudi kwenye mashairi yote mawili kabla ya kumaliza. Kwenye kurudi huko ndiko wanafunzi wengi wanakochoka na kuruka kwenda aya nyingine, na ndiko hoja inakokua: kutoka "kuna tofauti" hadi "tofauti hiyo inamfanyia nini msomaji".

Jambo lingine lililosaidia ni kwamba neno lenyewe, "command", limo kwenye mashairi yote mawili. Ukikuta neno moja au taswira moja pande zote mbili, lishike. Linakupa tofauti iliyo safi kabisa, kwa sababu kitu ni kilekile na kilichobadilika ni mkono wa mshairi.

Umbo, bila kubahatisha

Hapa ndipo uzushi unapozaliwa. "Vina vinaonyesha udhibiti" ni sentensi inayoweza kubandikwa kwenye shairi lolote, na msahihishaji ameisoma mara nyingi kabla hajafika kwako. Sema kinachotokea, halafu useme kinatokea kwa sababu ya nani.

"Ozymandias" ni soneti ya mishororo 14, lakini vina vyake havifuati mpangilio wa soneti uliozoeleka. Pia sauti zimepangwa tabaka juu ya tabaka: nafsineni, yaani msemaji wa ndani ya shairi, anamnukuu msafiri, msafiri anayanukuu maandishi, na mfalme anasikika kwa mbali, ndani kabisa. "My Last Duchess" ina mishororo 56 yenye vina viwiliviwili, ila sentensi hazikomi kwenye kina. Ni mishororo mishata inayomwagikia mshororo unaofuata, hata ukisoma kwa sauti vina vinakaribia kupotea. Mtawala anabana kila kitu huku akionekana anaongea tu. Ukilinganisha hayo mawili, mmoja amenyang'anywa usemi na mwingine hauachii, umbo limekuwa hoja na si pambo.

Tahadhari ndogo kwa aliyekulia kwenye vina na mizani vya Kiswahili: mashairi haya ya Kiingereza hupimwa kwa mkazo wa silabi, si kwa idadi ya silabi peke yake. Kuhesabu silabi kumi kumi bila kusikia mkazo uko wapi hakutakufikisha. Soma "The Charge of the Light Brigade" ya Tennyson kwa sauti, usikie mdundo wa farasi wanaokimbia, kisha soma "Exposure" ya Wilfred Owen, ambako vina vinakaribiana bila kukutana na beti kadhaa zinaishia na "But nothing happens". Moja inakusukuma, nyingine inakuacha ukiganda. Tofauti hiyo unaisikia kabla hujajua jina lake, na ukiieleza vizuri bila jina la kitaalamu bado unapata alama.

Muktadha uingie kwa mlango wa sentensi

Ozymandias ni jina la Kigiriki la Ramesses wa Pili wa Misri, na Shelley, aliyechapisha shairi mwaka 1818, alikuwa mpinzani wa utawala wa kifalme. Shairi la Browning lilitoka mwaka 1842, limeandikwa "Ferrara" juu yake, na kwa kawaida huhusishwa na Alfonso wa Pili, mtawala wa Ferrara huko Italia, ambaye mkewe kijana, Lucrezia de' Medici, alifariki mwaka 1561. Usiyaandikie aya yake. Yachomeke mahali yanapofanya kazi: *Shelley, mpinzani wa wafalme, anamwachia mfalme majigambo yake kisha anayazungushia mchanga mtupu.* Muktadha umeingia kwa maneno matatu na hoja haikusimama. Kipimo ni hiki: ukiufuta na sentensi isipoteze kitu, haukuwa na kazi pale.

Yanayoharibu insha

La kwanza ni kumchanganya mshairi na nafsineni. Browning hajivunii kumnyamazisha mke. Anayejivuna ni mtu aliyemuumba. Andika "mtawala anasema" kwa maneno, na "Browning anaonyesha" kwa ujenzi.

Kuna pia viunganishi vya uongo. "Similarly" ikifuatwa na jambo lisilofanana hata kidogo inamwambia msahihishaji kwamba uliiweka kama plasta. "Whereas" na "while" husaidia zaidi kwa sababu zinakulazimisha kuweka pande zote mbili ndani ya sentensi moja.

Na ile tabia ya kuorodhesha tamathali: kuna tashbihi, kuna takriri, kuna tashihisi. Kutaja si kuchambua. Nukuu ndefu nayo inakula muda, na kwa shairi la kichwani inakuongezea nafasi za kukosea.

Mashairi usiyoyajua

Ulinganisho wa sehemu ya tatu una alama 8 tu, kwa hiyo dakika zake ni kama 11. Alama zote ni za AO2: muktadha hauhitajiki, na muhtasari wa maudhui hauongezi kitu. Chagua mbinu mbili, kwa mfano toni na jinsi kila shairi linavyoishia, uandike aya mbili fupi. Mwisho wa shairi ni mahali pazuri pa kuanzia ukiwa umebanwa, kwani kila shairi lina mwisho na mara nyingi miisho miwili haifanani. Aliyetumia dakika 25 hapa ameziiba kwenye shairi la kwanza, lenye alama 24.

Ukifanya mazoezi nyumbani, huhitaji kuandika insha nzima kila siku. Andika aya moja kwa dakika kumi. Kisha chukua penseli, ukate sentensi zote zinazohusu shairi moja kati ya hayo mawili. Soma zilizobaki. Kama bado zinasomeka vizuri bila pengo, hukulinganisha. Umeandika aya mbili ukazichanganya. Irudie.