Namna ya Kupatana na Ndugu Kabla ya Kuikaribia Meza ya Bwana

Padri anapowaalika waamini wapeane amani, tazama mabenchi ya katikati. Utamwona mtu anayemgeukia wa kushoto, wa mbele, hata wa nyuma ambaye inabidi amnyooshee mkono juu ya vichwa vya watoto, ilhali wa kulia kwake, ambaye mabega yao karibu yanagusana, anamruka kana kwamba pale pana nafasi tupu. Dakika chache baadaye wote wawili wamo kwenye foleni ya komunyo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo, nami ninamfahamu vizuri, kwa sababu kwa miezi saba mtu huyo alikuwa mimi.

Kosa langu lilihusu turubai. Nilikuwa mtunza vifaa wa jumuiya yetu, yaani viti, sufuria kubwa na turubai la misiba, na vyote vilikaa katika stoo yangu. Mama mmoja mjane, jirani yangu wa nyumba ya tatu, aliliazima turubai alipofiwa na shemeji yake, akalirudisha, nikaliweka stoo bila kulikunjua. Lilipotandazwa tena baada ya wiki kadhaa lilikuwa na matundu kama chekecheke. Katika mkutano wa jumuiya nilitamka mbele ya watu wapatao ishirini kwamba yeye ndiye aliyeliharibu, akatozwa shilingi 45,000 za matengenezo, akalipa bila kujibu neno. Baadaye nilikuta kiota cha panya nyuma ya magunia. Nilinyamaza, na tangu siku hiyo nikawa ninapita njia ya nyuma ili nisikutane naye nikalazimika kumwamkia.

Kabla ya kueleza hatua, ni vema kufahamu kwa nini jambo hili haliwezi kuachwa lipoe lenyewe. Paulo alipowaandikia Wakorintho, takriban mwaka 55, hakuwa akitunga maneno ya kusomwa harusini, ingawa huko ndiko tunakoyasikia mara nyingi. Aliwaandikia watu waliokuwa wakishtakiana mahakamani, ambao hata katika chakula cha Bwana mmoja alikaa na njaa huku mwenzake amelewa. Kwa watu wa namna hiyo alisema kwamba upendo «hauhesabu mabaya», na neno la Kigiriki alilolitumia ndilo lililotumiwa pia katika mambo ya hesabu. Kila aliyewahi kuwa na duka anaujua ule daftari wa madeni unaoning'inia kwenye msumari, wenye jina la kila mteja na kiasi anachodaiwa. Upendo anaousema Paulo hauna daftari hilo. Naye Yohana anakwenda mbali zaidi anaposema kwamba mtu asiyempenda ndugu yake aliyemwona hawezi kumpenda Mungu ambaye hakumwona; maana yake ni kwamba ugomvi wangu na yule mama haukuwa jambo la pembeni katika imani yangu.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza ni nani anapaswa kuanza. Hapa Injili ya Mathayo inatoa jibu ambalo wengi hulisoma nusu. Katika sura ya 5, anayetakiwa kwenda ni yule anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, yaani mkosaji. Katika sura ya 18, anayetakiwa kwenda ni yule aliyekosewa. Kwa hiyo wote wawili wametumwa, na kama wote wangetii wangekutana njiani. Hakuna andiko linalomruhusu mmoja wao kukaa kibarazani akisubiri. Kumbuka pia kwamba Yesu aliyasema hayo ya sura ya 5 akiwa Galilaya, wakati madhabahu ya sadaka ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku tatu hivi kwa miguu. Kumwambia Mgalilaya aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake, kisha arudi, kulikuwa ni kumwambia apoteze wiki nzima. Sisi tunashindwa kuvuka nyumba tatu.

Anza kwa maandalizi ya faragha. Chukua karatasi uandike ulichokitenda wewe, si alichokitenda yeye, hata kama unaamini kwamba yeye ndiye aliyekosa zaidi. Kisha soma ulichoandika, na kila sentensi yenye neno «lakini» ifute uiandike upya. Karatasi yangu ya kwanza ilisomeka hivi: «Nilimsingizia, lakini hata yeye hakujitetea.» Ilinichukua jioni tatu kuifikisha kwenye maneno matatu: «Nilijua, nami nikanyamaza.» Wakatoliki wenzangu wataniuliza kama haitoshi kwenda kwenye kitubio. Kitubio ni cha lazima kwa dhambi iliyo nzito, lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema wazi kwamba ondoleo la dhambi haliondoi madhara yote iliyoyaleta, na kwamba mkosaji hana budi kufanya linalowezekana kuyarekebisha, kama vile kurudisha kilichoibwa au kulirejesha jina jema la aliyesingiziwa.

Baada ya hapo nenda mwenyewe, kwa miguu yako, peke yako. Usitume ujumbe wa simu, na zaidi ya yote usitume ujumbe wa sauti, ambao mwenzako anaweza kuusikiliza akiwa dukani mbele ya watu. Usimtangulize mzee wa kanisa wala mwenyekiti wa jumuiya. Hao nafasi yao ni baadaye, kwa kuwa Mathayo 18 inaanza na watu wawili peke yao, kisha shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa. Epuka siku ya Jumapili mara baada ya ibada, maana watu wote wanatazama, na epuka msibani, ambako mtu hawezi kukukatalia hata akitaka. Jioni ya siku ya kazi, kabla ya chakula, inafaa zaidi. Kuhusu zawadi, ningekushauri uende mikono mitupu. Yakobo, akimwogopa Esau, alitanguliza makundi ya mifugo yakiwemo mbuzi majike 200, na ndugu yake alimkimbilia akamkumbatia kabla hata hawajazungumza habari ya mifugo hiyo. Sukari kilo mbili zinazotangulia maneno hufanana mno na hongo.

Ukishakaribishwa, sema jambo lenyewe kwa jina lake. Sentensi ambayo tumezoea kuisikia, «Kama kuna mahali nimekukwaza, naomba radhi», ni bure kabisa, kwa sababu inamwachia aliyeumia kazi ya kutafuta kosa na wakati huohuo inadokeza kwamba huenda halipo. Vivyo hivyo methali yetu ya «yaliyopita si ndwele» isitumiwe na mkosaji. Anayeweza kuitamka ni yule aliyeumia, tena baada ya kusikilizwa. Ikitoka kinywani mwa aliyeumiza ni njia ya kumziba mwenzake mdomo.

Nilipobisha hodi, yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichagua mchele kwenye ungo. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, nami nikasimama maana sikuonyeshwa kiti. Nikamwambia: «Mama, nimekuja kwa ajili ya lile turubai. Halikuharibiwa na wewe, liliharibiwa na panya katika stoo yangu. Nilijua, nami nikanyamaza. Naomba unisamehe.» Aliendelea kutoa mawe, moja baada ya jingine, akiyatupa pembeni. Kisha akasema: «Uliponisema mlikuwa watu ishirini. Leo umekuja peke yako.»

Sikuwa nimelifikiria hilo, na nadhani ndilo jambo ambalo wengi wetu hulikosa. Toba inapaswa kufika pale kosa lilikofika. Neno lililosemwa baina ya wawili limalizwe na wawili, na lililosemwa mbele ya kikundi lifutwe mbele ya kikundi hichohicho, lisipungue wala lisizidi. Afrika Mashariki ina uzoefu mrefu katika hili. Uamsho uliochipuka Gahini nchini Rwanda, na Uganda, miaka ya 1930, kisha ukaingia Tanganyika na Kenya, uliwafanya watu waungame hadharani, warudishe walichoiba na kuombana msamaha hata baina ya wamisionari na Waafrika, jambo ambalo kwa enzi ile ya ukoloni lilikuwa kubwa. Hata hivyo, kusema kila kitu mbele ya kila mtu kunaweza kumwaga hadharani siri ya mtu mwingine ambaye hakuombwa ruhusa. Taja kosa lako, usitaje ya mwenzako.

Kwa wasiokuwa na jumuiya, ibada yenyewe inaweza kusaidia. Katika liturujia ya Misa iliyoidhinishwa mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi iliyoitwa Zaire, ishara ya amani hutolewa mapema, baada ya toba na kabla ya matoleo, kwa kufuata mpangilio ule wa Mathayo 5. Binafsi ninaupenda utaratibu huo, kwa sababu unakukuta ukiwa bado na sadaka mkononi.

Yapo pia mambo ambayo njia hii haiyafai, na hapa nitasema bila kuzunguka. Mke anayepigwa hatakiwi kumwendea mumewe peke yake ili «wayamalize», na mtoto aliyedhulumiwa kimwili hapatanishwi na mtesi wake na kikao cha wazee. Mambo hayo ni ya polisi na ya mahakama, na kiongozi wa jumuiya anayeyafunika kwa jina la upendo anamsaidia mkosaji. Paulo mwenyewe aliweka mipaka alipowaambia Warumi wakae kwa amani na watu wote, akatanguliza «kama yamkini» na «kwa upande wenu». Unaweza kumsamehe mtu na bado ukatoa ushahidi dhidi yake.

Na akikataa? Mwamkie kesho yake na siku zinazofuata, hata asipoitikia, na zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake ikifika, nenda. Usimhesabie siku.

Jumamosi iliyofuata, kwenye mkutano wa jumuiya, niliomba nafasi kabla ya sala ya mwisho nikayasema yote, pamoja na kiota cha panya, na kijana mmoja akacheka kwa sauti, jambo ambalo nadhani lilimfurahisha yule mama kuliko hotuba yangu. Kilichobaki kilikuwa fedha. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini Torati, katika Walawi sura ya 6, inamdai mkosaji kiasi chote na sehemu ya tano juu yake, nami nikaona hiyo inalingana na mfuko wangu. Sehemu ya tano ya 45,000 ni 9,000. Nikampelekea shilingi 54,000 ndani ya bahasha. Alizitoa, akazihesabu mbele yangu mara mbili, akatenga elfu tisa, akanirudishia mkononi.

«Hizi,» akasema, «kanunulie sumu ya panya.»