Kabla Hujabisha Hodi: Maandalizi ya Kumsaidia Mgonjwa wa Akili Kuacha Sigara

Watu wanaoishi na magonjwa makali ya akili, kama skizofrenia na baipola, hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao. Ukisikia hivyo unaweza kudhani wengi wao hujiua. Wapo, na kila mmoja ni msiba, lakini sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokana na moyo, mapafu na saratani, na sigara imo katika yote matatu. Hapa Tanzania utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta karibu asilimia 9 ya watu wazima wanatumia tumbaku. Kwa wenye magonjwa makali ya akili, katika nchi nyingi zilikofanywa tafiti, kiwango cha uvutaji ni mara mbili hadi tatu ya kile cha watu wengine. Hata hivyo mgonjwa anaweza kuhudhuria kliniki miaka na miaka, akaulizwa kama analala, kama anasikia sauti, kama anameza dawa, asiulizwe hata siku moja anavuta sigara ngapi.

Ndiyo maana nafurahi kila nikisikia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vikundi vya familia au vijana wa msikitini na kanisani wanataka kuifanya mitaani kazi hii ya kuwasaidia wagonjwa waache sigara. Nawaomba tu wasianze na mahubiri ya madhara ya tumbaku. Waanze na maandalizi, na la kwanza kabisa katika maandalizi hayo ni kuzungumza na anayemwandikia mgonjwa dawa.

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalosahaulika, na likisahaulika linaumiza. Moshi wa sigara una kemikali zinazolichochea ini livunje baadhi ya dawa za akili haraka kuliko kawaida. Zinazoguswa zaidi ni klozapini na olanzapini. Haloperidoli, klopromazini na sindano ya flufenazini ya kila mwezi nazo huguswa, ingawa kwa kiasi kidogo. Maana yake ni kwamba mvutaji aliyetulia kwa dozi fulani, ametulia kwa dozi iliyopimwa kwenye ini linalokwenda mbio. Moshi ukikoma, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake, na vidonge vilevile, kwa idadi ileile, vinageuka kuwa vingi mno. Kwa klozapini, kiwango kwenye damu kinaweza kupanda kwa nusu au zaidi. Mtu anasinzia mchana kutwa, mate yanalowesha mto, anapata kizunguzungu akisimama, choo kinafunga, na akizidiwa anaweza kuanguka degedege.

Kinachofanya hivyo ni moshi; nikotini, ile kemikali inayomfanya mtu ashindwe kuacha sigara, haihusiki. Kwa hiyo hata mgonjwa akibandikwa kibandiko cha nikotini, dozi bado inahitaji kuangaliwa. Madaktari wengi huanza kwa kupunguza klozapini kwa takriban robo katika wiki ya kwanza, kisha wanafuatilia. Uamuzi huo ni wao peke yao; mhudumu wa mtaani haugusi, na familia haigusi. Kazi yako kabla ya kubisha hodi ni kujua mgonjwa anatumia dawa gani, kwa dozi gani, anavuta sigara ngapi kwa siku, kupeleka taarifa hizo kliniki, na kurudi na jibu la mtu mwenye jina na namba ya simu atakayepokea siku dalili zikionekana. Kama mtu huyo hajapatikana, ahirisha. Wiki mbili za kusubiri hazimdhuru mgonjwa kama kuachishwa sigara bila mtu wa kuangalia dawa zake.

Uliza pia kuhusu bhangi, maana moshi wake nao hulichochea ini vivyo hivyo, na wengi huvuta vyote viwili. Halafu kuna kahawa. Kafeini huvunjwa kwa njia hiyohiyo, hivyo aliyezoea kunywa vikombe kadhaa vya kahawa chungu pale kijiweni, akiacha sigara kahawa hiyo itamzidi nguvu. Moyo utamwenda mbio, mikono itatetemeka, usiku atakesha, na nyumbani watasema ugonjwa umerudi. Mwambie mapema apunguze kahawa kwa nusu.

Jambo hili lina upande wa pili ambao familia nyingi zimeuishi bila kuuelewa. Mgonjwa analazwa wodini ambako havuti, dozi yake inapangwa humo, anatoka ametulia. Akifika nyumbani anarudia pakiti yake, dawa inapungua mwilini, na baada ya wiki kadhaa anaanza tena kuongea peke yake. Watu wanatafuta mchawi. Ukiwa na daftari lenye tarehe ya kutoka hospitali na idadi ya sigara tangu siku hiyo, unaweza kuwaokoa na safari ya kwa mganga.

Ukishapata jibu la kliniki, rudi kwa familia, na kwanza kabisa kwa yule anayemhudumia mgonjwa kila siku. Mara nyingi ni mama. Katika nyumba nyingi utamkuta mama ameficha pakiti kabatini nyuma ya nguo. Asubuhi anatoa sigara moja mwanawe akishameza vidonge. Anatoa nyingine akishaoga, na ya tatu jioni kama siku imepita bila ugomvi. Sigara ndiyo fedha inayoendesha nyumba hiyo. Mama huyu hajakosea. Ametumia alichokuwa nacho, pengine kwa miaka, bila mtu wa kumsaidia. Ukiingia na kusema sigara ni sumu, itupwe leo, umemnyang'anya chombo pekee alichonacho na umemwachia mzigo uleule.

Kaa naye chini, msalimie kama inavyostahili, halafu muulize: "Mama, tukiiondoa hii ya asubuhi, dawa atazimezaje?" Msikilize. Yeye ndiye anayejua kwamba kijana wake hupenda chai ya maziwa, au redio ya kaka yake, au kutembezwa hadi barabarani kuangalia mabasi. Badilisheni tuzo moja baada ya nyingine kabla ya kugusa tarehe ya kuacha. Kama kuna baba au kaka anayevuta humo humo ndani, mshirikishe pia. Si lazima aache, lakini akubali kuvutia nje na asiache kiberiti na pakiti mezani. Vilevile pita kwa mwenye duka la jirani anayeuza sigara moja moja. Wengi wakielezwa kwa upole hukubali kumwambia "leo hakuna, ndugu yangu," mradi wasielezwe habari za ugonjwa wa mtu. Muulize mgonjwa mwenyewe kwanza kama anataka mwenye duka aambiwe chochote.

Usiri unaanza hata kabla ya maneno. Ukifika na fulana ya mradi, watatu kwa pamoja, gari limesimama nje, mtaa mzima utajua nyumba hiyo ina mgonjwa wa akili. Nenda na mwenzako mmoja, kwa nguo za kawaida, kama unavyopita kwenye kaya nyingine kuuliza habari za chandarua na chanjo. Na maneno kama kichaa au chizi yabaki nje ya kinywa chako hata mnapokuwa wawili njiani. Mdomo huzoea.

Sasa habari ya imani kwamba sigara inamtuliza. Utaisikia kwa mgonjwa, kwa mama, na pengine kwa muuguzi. Mgonjwa hasemi uongo: anatetemeka, anavuta, anatulia. Lakini anachotuliza kwa kiasi kikubwa ni arosto ya nikotini, yaani mwili kuidai ulichozoea, iliyoanza saa chache baada ya sigara iliyopita. Mapitio makubwa ya mwaka 2021 yaliyokusanya tafiti 102 yalionyesha kwamba watu walioacha kuvuta hawakuharibikiwa akili. Kwa wastani wasiwasi, sonona na msongo vilipungua kuliko kwa walioendelea. Mweleze mgonjwa hivyo kwa lugha yake, na umweleze pia ukweli wa wiki za mwanzo, kwamba kabla ya nafuu kuna kipindi kigumu.

Kipindi hicho kiandaliwe. Arosto ya sigara huja na hasira za haraka, kukosa usingizi, kutotulia, njaa na huzuni. Hukolea katika siku za kwanza na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya pili na ya nne. Tatizo ni kwamba ukiitazama kwa mbali inafanana na ugonjwa kurudi, na familia ikiingia hofu itakimbilia dukani kumnunulia pakiti. Dawa ya hofu hiyo ni kumbukumbu. Wiki mbili kabla ya tarehe ya kuacha, andikeni kwenye daftari hali yake ya kawaida: analala saa ngapi, anakula vipi, sauti anazisikia mara ngapi, anakasirika kwa nini. Kama muuguzi anatumia dodoso la sonona, alijaze wakati huo. Baadaye mkiona hasira na njaa peke yake, mnajua ni sigara. Mkiona shaka mpya juu ya majirani, usiku kucha bila usingizi na bila uchovu, au sauti zinazomwamrisha, ni kliniki. Na akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake na apelekwe siku hiyohiyo.

Tarehe yenyewe aichague yeye. Mtu aliye katikati ya kuchanganyikiwa hapangiwi tarehe, anatibiwa kwanza. Aliyetulia lakini anaogopa anaweza kuanza kwa kupunguza, kutoka sigara 15 hadi 10, hadi 5, akiichelewesha ile ya asubuhi kidogo kidogo. Nchini Uingereza utafiti uitwao SCIMITAR+, uliotolewa mwaka 2019, uliwafuata watu 526 wenye magonjwa makali ya akili. Nusu walisaidiwa na mhudumu wa afya ya akili aliyefunzwa kuachisha sigara, ambaye aliweza kuwafuata nyumbani, kuwaruhusu wapunguze kwanza, na kuanza nao upya walipoteleza. Baada ya miezi 6 waliokuwa wameacha ni asilimia 14, dhidi ya asilimia 6 ya waliopata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 12 pengo lilikuwa limepungua, 15 kwa 10. Mimi nasoma namba hizo kwa namna mbili: watu hawa wanaweza kuacha wakisaidiwa, na msaada ukikatika mapema, faida huyeyuka.

Ukipanga Ramadhani kama wakati wa kuanza, ni wazo zuri kwa Waislamu wengi, kwa sababu mchana tayari hawavuti na nyumba nzima iko pamoja. Ila muulize muuguzi saa za dawa zitakuwaje kati ya futari na daku, na uangalie asije akafidia usiku kucha.

Kuhusu dawa za kusaidia kuacha, fahamu kilichopo kabla ya kuahidi. Vibandiko na chingamu za nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Vareniklini na bupropioni ziliongezwa 2021. Hofu ya zamani kwamba dawa hizi huvuruga akili ilipimwa katika utafiti wa EAGLES wa 2016, uliohusisha watu zaidi ya 8,000, nusu yao wakiwa na historia ya magonjwa ya akili, na hatari kubwa iliyohofiwa haikuonekana. Mwaka huohuo Marekani iliondoa onyo kali lililokuwa kwenye pakiti za vareniklini. Lakini bupropioni haifai kwa mwenye kifafa, na kwa kuwa kliniki zetu nyingi za akili ndizo pia zinazotibu kifafa, swali hilo liulizwe kwa kila mtu. Mwenye baipola naye aangaliwe na daktari kabla ya kuipewa. Chingamu ifundishwe kwa kuonyesha: hutafunwa hadi iwashe kidogo, kisha huegeshwa kati ya fizi na shavu. Anayeitafuna mfululizo kama peremende atapata kwikwi na kichefuchefu, ataitema na hatairudia. Sehemu isiyo na dawa hizi, ushauri wa uso kwa uso na kupunguza taratibu bado vina maana. Mwambie mgonjwa wazi kwamba hicho ndicho mlicho nacho.

Mwisho, hesabu nauli na vocha kabla ya siku ya kwanza. Panga kumwona siku ya pili au ya tatu baada ya kuacha, tena ndani ya wiki, kisha kila wiki kwa mwezi mzima, halafu kila mwezi hadi mwaka uishe. Kama bajeti inatosha kaya 20 kwa mwezi mmoja, chukua kaya chache uende nazo mwaka mzima. Na kwenye daftari la kila kaya, ukurasa wa kwanza, andika namba ya yule muuguzi wa kliniki. Mgonjwa aliyekuwa amepunguziwa dozi akirudia kuvuta, dozi hiyo itakuwa ndogo tena ndani ya siku chache. Kwa hiyo muuguzi apigiwe kwanza, siku hiyohiyo, na mazungumzo ya tarehe mpya yafuate.