Kabla hujamwita fundi wa intaneti

Mvua za Desemba zikianza, ofisi za Lindi na Mtwara ambazo bado ziko kwenye laini ya simu ya waya wa shaba zinajua kinachofuata. Intaneti inakatika, inarudi, inakatika tena, na msimu wa korosho ndio umepamba moto. Ukimpigia mtoa huduma mikono mitupu, utaambiwa uzime ruta na uwashe, basi.

Anza na simu ya mezani. Ichomeke pale pale waya unapoingilia ndani, bila ruta wala eksitensheni, kisha bonyeza tarakimu moja ili mlio unyamaze, usikilize. Kukiwa kimya, vizuri. Ukisikia mkwaruzo kama wa redio isiyoshika stesheni, shida ni waya: mara nyingi maungio yamelowa au yameota kutu ya kijani, maana hewa ya chumvi ya pwani haina huruma na shaba. Hapo hata ubadilishe ruta tatu, fundi lazima apande nguzo. Enzi za modemu za 56k, zilizopiga simu ili kuingia intaneti, mkwaruzo huo ulikata simu yenyewe, ukaanza upya na kile kilio chake. ADSL, yaani intaneti hii ya laini ya simu, haipigi simu, ila inapita kwenye waya ule ule.

Laini ikiwa safi, kagua filta, kile kidude kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti. Kila simu na kila faksi iliyo kwenye laini hiyo inahitaji ya kwake. Niliwahi kuhangaika wiki nzima, kumbe faksi ya stoo, isiyotumiwa na mtu, ilikuwa imechomekwa kavukavu.

Kisha tazama taa za ruta. Ya DSL, yaani ya laini, ikipepesa bila kutulia, laini haijashika. Ikitulia lakini ya intaneti imegoma, angalia malipo na nywila kabla ya kufoka.

Ulizia na majirani. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hakuna ruta ya Tanzania iliyokuwa na kosa.

Andika siku na saa za kila mkatiko, kama mvua ilinyesha, na kama umeme ulicheza. Ruta isiyo na UPS (betri ya akiba) hujizima umeme ukipepesa tu, lawama zikaenda kwa laini. Ukipiga, dai namba ya malalamiko. Na kabla fundi hajafika, sogeza kabati la mafaili: kisanduku cha simu kwa kawaida kiko nyuma yake.