Kushusha injini ya Land Rover Series III (mwembe uache utoe maembe)

Injini ya petroli ya lita 2.25 ni chuma kitupu, bloku hadi silinda hedi, karibu kilo 200. Ndiyo maana kwangu hapa Arusha tawi la mwembe si winchi, na kamba ya katani haigusi kazi hii. Nafunga chenibloku (kifaa cha cheni cha kunyanyulia) ya tani 1 kwenye boriti ya chuma, gari likiwa juu ya zege iliyonyooka. Kama huna, azima.

Injini ikishapoa, toa betri. Anza na waya unaokwenda kwenye bodi, maana ukianza na ule mwingine spana ikagusa bodi, cheche zinaruka na petroli iko jirani. Ziba mpira wa petroli, mwaga maji na oili. Toa boneti, halafu kipande chote cha mbele pamoja na rejeta yake. Watu hapa huona uvivu, wanataka kuirusha injini juu ya grili. Mbele pakiwa wazi, injini inanyanyuka kidogo tu, na mzigo ulio chini unatulia. Waya, kebo na bomba la moshi fungua bila haraka. Piga picha kwa simu kabla hujagusa.

Kazi yenyewe iko kwenye gia boksi. Fungua sakafu ya ndani na kifuniko cha gia boksi, bila hivyo nati za juu zinazoiunganisha na injini hutazifikia. Kabla ya kulegeza hata moja, piga jeki chini ya gia boksi, kisha ingiza mbao ngumu kati yake na chasisi. Mbao ndiyo ya kuitegemea, kwa sababu gari litasogea na jeki haitasogea nalo.

Cheni ishike masikio ya kunyanyulia kwenye silinda hedi. Kama hayapo, tengeneza ya bamba zito na bolti ngumu. Manifoldi na kifuniko cha valvu si mahali pa kufunga kitu. Vuta cheni mpaka ikaze tu, ndipo ufungue nati za gia boksi na za maunti, yaani vishikizo vya injini kwenye chasisi.

Sasa ondoa jeki, acha handbreki, gia iwe nyutro. Chenibloku haitembei, kwa hiyo gari ndilo linalosukumwa nyuma, taratibu, watu wawili, wa tatu akiwa kwenye cheni. Anayetoa amri ni mmoja. Angalia ufa kati ya injini na gia boksi: uwe sawa juu na chini. Ukipanuka juu tu, injini imelalia shafti ya gia boksi na klachi pleti itapinda. Pandisha au shusha cheni kidogo. Ikigoma, usichokonoe kwa nondo, kuna nati umeisahau. Mara nyingi ni ya chini kabisa, imejificha kwenye grisi na vumbi. Vidole visiingie kwenye ufa huo, hata kuokota washa.

Shafti ikishatoka, gari lirudi nyuma kabisa, wekea mawe kwenye matairi. Hakuna anayepita chini ya injini. Ishushe mara moja juu ya mbao mbili zinazobana bloku pembeni, isikalie sampo, bakuli la oili la chini, ambalo ni bati tu na linabonyea.