Kukata tiketi ya treni ya usiku kutoka Berlin hadi Roma, hatua kwa hatua

Mama mdogo alikuja kunitembelea Berlin, na bintiye anaishi Roma. Ndege hakuitaka tena, maana miguu ilimvimba tangu Dar. Tukakaa mezani jioni nzima, yeye na chai yake, mimi na kompyuta, mpaka tiketi ikapatikana. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Karatasi

Viza ya Schengen inakutosha Ujerumani, Austria na Italia. Pasipoti yenyewe ikae kwenye mkoba wa mkononi, isifungiwe ndani ya sanduku, kwa sababu polisi hupanda treni karibu na mipaka na kukagua. Ukitaka kupitia London, Uingereza ina viza yake, na viza ya Schengen ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha ukishatoka.

Hatua ya 2: Ratiba

Andika mji kwa jina la wenyewe: München (Munich), Wien (Vienna), Praha (Prague), Venezia (Venice). Soma na jina la stesheni hadi mwisho, kwani Venezia Mestre iko bara na Venezia Santa Lucia iko kisiwani. Ratiba naitazama kwenye DB Navigator, programu ya shirika la reli la Ujerumani. Treni ya usiku, inayoitwa Nightjet, naikata kwenye tovuti ya wenye treni, yaani ÖBB, shirika la reli la Austria. Kwa madalali wa mtandaoni sinunui. Wengi wanaongeza ada, na siku safari ikiharibika unarudishwa kwao badala ya kusaidiwa na shirika.

Hatua ya 3: Saa na tarehe

Mama mdogo alisoma 08:00 akasema, "Kumbe saa nane, basi nitawahi kula." Nikamwandikia saa zote upya kwa Kiswahili kwenye karatasi: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 19:40 ni saa moja na dakika arobaini usiku. Kuwa makini zaidi ukipandia stesheni iliyo katikati ya njia baada ya saa sita usiku. Sisi tukisema Ijumaa usiku, treni ya 00:15 kwenye tiketi ni ya Jumamosi. Ni usiku wa kuamkia Jumamosi, basi chagua Jumamosi.

Hatua ya 4: Tiketi moja ya safari nzima

Hapa tafadhali usikimbie. Miaka michache nyuma nilinunua tiketi mbili mbalimbali, moja ya kunifikisha kwenye treni ya usiku na nyingine ya treni ya usiku yenyewe, kwa kuwa jumla yake ilikuwa nafuu. Treni ya kwanza ikachelewa dakika 90. Nilipofika jukwaani nilikuta reli tupu. Tiketi ya pili ilikuwa ya treni ile tu, ikafa palepale. Nililala kwenye benchi na koti langu, asubuhi nikalipa nauli upya.

Kwa hiyo tafuta Berlin Hbf (yaani stesheni kuu) hadi Roma Termini kwa mkupuo mmoja, usiikate safari vipande München, unakobadili kupanda treni ya usiku. Kisha, kabla ya kulipa, soma kama unauziwa tiketi moja au kadhaa zilizowekwa pamoja. Muuzaji anatakiwa akwambie. Namba moja ya malipo peke yake haithibitishi kitu. Tofauti ni kubwa. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Juni 2023, ukiwa na tiketi moja ukakosa treni ya kuunganisha kwa sababu ya ucheleweshaji, lazima ufikishwe kwa njia nyingine au urudishiwe nauli. Fidia kwa kawaida ni asilimia 25 ya nauli ukichelewa kufika dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 kuanzia dakika 120, na kuchelewa huko huhesabiwa mwisho wa safari. Ukiwa na tiketi mbili, kila moja huhesabiwa peke yake.

Hata kwa tiketi moja, mfumo unaweza kukupa dakika chache mno za kubadili treni. Kwenye DB Navigator kuna sehemu ya kuongeza muda huo, iongeze. Kwa mtu mzima mwenye masanduku mawili, kabla ya treni ya usiku mimi naacha muda wa saa tatu nzima. Na kama tiketi moja haipatikani kabisa, lala München usiku mmoja, uondoke kesho yake.

Ukikwama na tiketi mbili, usitoke stesheni. Nenda dirishani ukaandikiwe kwamba treni ilichelewa, kwa sababu mashirika mengi ya Ulaya yana makubaliano ya kumpakia msafiri wa kimataifa kwenye treni inayofuata. Makubaliano hayo yana masharti yake, usiyategemee wakati wa kununua.

Hatua ya 5: Kitanda

Kuna kiti, kitanda cha chumba cha pamoja, na chumba cha kulala chenye watu wachache. Kiti usimkatie mzee. Mama mdogo amewahi kupanda TAZARA, kwa hiyo nilipomwambia chumba cha pamoja ni kama daraja la pili, alielewa mara moja. Tulichagua chumba cha wanawake peke yao, kitanda cha chini.

Hatua ya 6: Malipo

Jina liwe kama la kwenye pasipoti. Benki itatuma namba ya uthibitisho kwa SMS, basi laini yako ya nyumbani iwe inapokea ujumbe huku. Bei hupanda vitanda vikipungua, kwa hiyo kata mapema. Ratiba za Ulaya hubadilika katikati ya Desemba, na tiketi za baada ya hapo huweza kuchelewa kufunguliwa.

Siku yenyewe

Treni hizi hukatwa njiani usiku, mabehewa mengine yakaenda mji mwingine. Panda behewa lenye namba ya tiketi yako hasa. Mama mdogo aliiandika yake kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi ya saa, na jukwaani tulitembea tukiisoma mlango kwa mlango mpaka tukaiona.